Safu ya "Ulikuwa na Nani?": Kisa cha Kaya Moja ya Gongo la Mboto

Mama alisema watoto hawamjui baba yao. Baba akasema yeye kila siku analala nyumbani kwake, hana kijiwe, hanywi, sasa hao watoto watashindwaje kumjua? Nilikuwa nimekaa mkekani nakunywa chai na vitumbua vilivyobaki asubuhi. Wote wawili wanajua kazi yangu ni udadisi wa kaya, wakanigeukia. "Dada, si wewe unayepita majumbani kupima mambo ya watu?" Baba akasema. "Haya, leo tupime na sisi."

Nikawapima kwa juma moja, kwa karatasi za aina ileile wanayotumia watafiti wa matumizi ya muda. Wamenipa ruhusa ya kuandika, nami nimeacha majina yao. Naandika kwa sababu maneno "wazazi wa siku hizi hawana muda na watoto" yanasemwa kila mahali Dar es Salaam, kwenye vikao vya shule, kwenye nyumba za ibada, kwenye daladala, na karibu kila anayeyasema hajawahi kuhesabu. Mimi nimehesabu kaya moja tu. Hata hiyo moja imenifundisha kuitazama kwa macho mengine safu moja ya karatasi hizo, ambayo wajazaji wengi huipitia mbio: ulikuwa na nani?

Kaya yenyewe iko Gongo la Mboto, ndani kidogo, mwendo wa robo saa kutoka kituoni. Baba ni msaidizi katika duka la vyombo Kariakoo, Jumatatu hadi Jumamosi. Mama anauza chai na vitumbua barazani. Binti ana miaka 14, yuko kidato cha pili, shule yake iko upande wa Banana. Mdogo wake wa kiume ana miaka 8. Bibi mzaa baba ana chumba chake uani, na huyo mjukuu wa kiume analala kwake. Wadadisi tunafundishwa kwamba kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kwa hiyo Bibi yumo, na mlango wa chumba chake kuwa mwingine haumtoi.

Nilianza na swali la mazoea: kwa kawaida, kwa siku, unakaa na watoto muda gani? Baba akajibu bila kufikiri, "Masaa manne." Mama akasema, "Nusu saa, tena hapo nimemsaidia."

Swali la "kwa kawaida" ni rahisi kuuliza na linapotosha sana. Anayejibu anatakiwa azikumbuke siku nyingi, azipigie wastani kichwani, na papo hapo alinde heshima yake mbele ya mgeni. Watafiti wamekutana na watu ambao ukijumlisha majibu yao ya namna hii kwa kila shughuli, usingizi, kazi, chakula, safari, watoto, unapata juma lenye zaidi ya saa 168. Juma la namna hiyo halipo. Ndiyo maana wakaona afadhali kumuuliza mtu siku moja tu, ya jana, kipande kwa kipande, ili saa 24 zimbane. Akiongeza hapa, lazima apunguze pale.

Njia hiyo ina umri. Miaka ya 1920, katika Urusi ya Kisovieti, Stanislav Strumilin alikuwa tayari anakusanya bajeti za muda za wafanyakazi, yaani hesabu ya saa zao za siku zilivyotumika. Katikati ya miaka ya 1960 Alexander Szalai, msomi wa Hungaria, aliongoza utafiti uliozilinganisha nchi 12 kwa shajara za aina moja. Marekani wanafanya hivyo kila mwaka tangu 2003, kwa simu: msimulie anayekupigia siku yako ya jana kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 10 alfajiri ya leo. Hapa kwetu Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliingiza matumizi ya muda kwenye utafiti wa nguvu kazi wa mwaka 2006, na tena wa 2014. Umuhimu mkubwa wa takwimu za namna hiyo ni kuzitoa gizani kazi zisizolipwa, kama kuchota maji, kupika na kulea, ambazo kwenye hesabu za uchumi zilikuwa hazionekani. Swali la Mama na Baba lilikuwa jingine. Wao walitaka kujua nani alikuwa na nani.

Nikachukua mtindo wa Ulaya, kwa sababu huo unamtaka kila mtu wa kaya, kuanzia miaka 10, ajaze siku ileile. Karatasi ina vipande vya dakika kumi kumi. Kwa kila kipande unaandika ulichokuwa unafanya, kitu kingine ulichokuwa unafanya wakati huohuo, ulikuwa wapi, na ulikuwa na nani. Nilichagua Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Wamarekani hutenga nusu ya mahojiano yao kwa Jumamosi na Jumapili, lakini kwa mtu wa Kariakoo Jumamosi ni siku ya kazi kama nyingine, tena nzito zaidi.

Matatizo yalianza mapema, nami nayaeleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa ndiyo yaliyokaribia kuniharibia kisa chote.

La kwanza, Mama. Yeye huamka saa 9:30 usiku kuumua unga na kuwasha mkaa. Mpaka wa saa 10 alfajiri uliwekwa kwa kudhani kwamba saa hiyo karibu kila mtu amelala. Nusu saa ya kwanza ya kazi yake kila siku ikaangukia kwenye karatasi ya siku iliyotangulia. Na nilipomuuliza "Alhamisi usiku ulifanya nini?" akaniuliza, usiku wa kuamkia Alhamisi au wa kuamkia Ijumaa? Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa wengi wetu siku inageuka jua likizama, na karatasi hailijui hilo.

La pili, Bibi. Hatazami saa. Siku yake imefungwa kwenye adhana ya alfajiri, watoto wa shule wanapopita kurudi mchana, na taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Hilo halikuwa gumu; nilikaa naye, akasimulia kwa alama zake, nikazigeuza kuwa saa. Ugumu ulikuja tulipofika kwenye usingizi. Wamarekani hawaulizi "ulikuwa na nani" kwa muda wa kulala, nami nikafuata utaratibu huo, nikaruka. Bibi akanizuia mkono. "Mwanangu, mtoto analala mgongoni kwangu usiku kucha. Akiota anashtuka, ananishika. Wewe unaandika sikuwa naye?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na mpaka leo sina. Niliandika pembeni ya karatasi: na mjukuu.

La tatu ni saa yenyewe. Baba anaandika saa za Kiswahili. Binti anasoma saa kwenye simu ya mama yake, anaandika kama ilivyo. Karatasi za Alhamisi zilipopungua, binti alichana ukurasa wa daftari akachora mistari yake mwenyewe kwa rula, vizuri kabisa, akajaza kwa kalamu ya bluu. Usiku ule nililinganisha karatasi ya baba na ya binti kwa haraka, namba kwa namba. Kwa baba, 11:05 ilikuwa "natoka kwenda kazini." Kwa binti, 11:05 ilikuwa hisabati, darasani. Nikaona hawakukutana. Nikaandika sifuri kwa asubuhi, nikalala.

Kwa siku ile, basi, hesabu yangu ya kwanza ilikuwa hivi. Baba alirudi saa 2:40 usiku, akalala saa 4:30. Muda wote huo aliandika "nyumbani, na familia." Dakika 110. Binti, kwa muda uleule, alikuwa chumbani akifanya kazi za shule, akatoka kula, akarudi, akalala saa 3:45. Kwenye safu yake ya "na nani" neno "baba" lilionekana kwa dakika 15 tu, za chakula. Mama aliandika kwamba alimpa mumewe chakula, wakala pamoja, kisha mumewe akabaki na simu. Watu watatu wa nyumba moja, saa ileile, na kila mmoja ana jibu lake.

Haya si ajabu kwa watafiti. Wengi wao hutenganisha mambo matatu ambayo Michael Lamb na wenzake waliyapanga katika miaka ya 1980 walipokuwa wakiwachunguza akina baba: kushughulika na mtoto ana kwa ana, kuwa karibu ambapo mtoto akikuhitaji anakupata, na kubeba dhamana, yaani nani anakumbuka ada, sare, kliniki. Dakika 110 za baba zilikuwa za ukaribu. Dakika 15 za binti zilikuwa za ana kwa ana. Mama, alipotaja nusu saa, alikuwa anasema habari ya dhamana, ingawa alitumia neno "kukaa." Ukimuuliza mtu "unakaa na watoto?" bila kumwambia kukaa kupi, umempa ruhusa ya kuchagua jibu linalomfaa.

Kosa langu la saa nililigundua Ijumaa, nikiwa nasubiri daladala. Mbele yangu kulikuwa na foleni ya watu na wanafunzi wamesimama pembeni, makonda wakiwapita, maana mwanafunzi nauli yake ni ndogo. Nikakumbuka mstari mmoja wa binti ambao sikuuelewa. Nikatoa karatasi kwenye mkoba. Ulikuwa umeandikwa hivi:

"5:05 hadi 6:00. Kwenda shule. Na baba (amenishikia begi mpaka nimepata nafasi)."

Saa tano na dakika tano kwenye simu ni saa 11:05 alfajiri. Dakika ileile baba yake alipoandika "natoka kwenda kazini," na kwenye safu ya "na nani" akaandika "peke yangu."

Walikuwa wote. Robo saa ya kutembea gizani hadi kituoni, dakika 25 za kusubiri gari litakalokubali kumchukua mwanafunzi, robo saa ya kusimama ndani ya gari hadi Banana. Dakika 55. Jumanne ilikuwa 50. Shajara ya baba ilizihesabu dakika hizo kama safari ya kazi, na kwa vitabu vya takwimu hajakosea: alikuwa safarini kwenda kazini. Kama ningekuwa na karatasi yake peke yake, muda mrefu kuliko wowote ambao baba na binti wanakuwa wawili tu usingeonekana. Na kaya nyingi tunazozidadisi, karatasi tunayopata ni ya mtu mmoja.

Nilirudi nazo jioni ya Jumamosi, nikaziweka sakafuni mbili kwa pamoja. Baba alisoma mstari wa begi mara mbili. Akamuuliza binti, "Na hii nayo inahesabika?"

"Si tulikuwa wote, baba?"

Kwa siku tano za shule hizo ni kama saa nne na nusu kwa juma, barabarani. Nilimuuliza binti wanaongea nini. Wakati mwingine hawaongei kitu. Wakati mwingine anamuulizia maswali ya biashara, kwa kuwa wako kwenye mada ya faida na hasara, na baba anajua bei ya sufuria kwa rejareja na kwa jumla.

Hapa ingekuwa rahisi kumpa baba ushindi, lakini kuna mtoto wa pili. Wa miaka 8 anaamka saa 12 asubuhi, baba yake ameshafika Banana. Analala saa 2:30 usiku, baba yake yuko Nyerere Road kwenye foleni. Jumanne baba aliwahi, akafika saa 2:10, wakapata dakika 20. Alhamisi, sifuri. Hii sifuri nimeihakiki kwa karatasi nne. Mama aliposema watoto hawamjui baba yao alikuwa anamwona huyu, anayemlisha na kumwogesha, na baba alipokataa alikuwa anamfikiria yule anayetembea naye alfajiri. Ningewapigia watoto wawili wastani mmoja, ningepata kama dakika 35 za asubuhi na jioni kwa siku ile, namba ambayo si ya mtoto yeyote katika nyumba hiyo.

Kuhusu Mama mwenyewe nitasema machache, ingawa anastahili kisa chake. Kwenye karatasi yake ya Alhamisi "kuangalia watoto" ilikuwa dakika 25. Nikamwomba turudie safu ya pili, ile ya kitu kingine ulichokuwa unafanya wakati huohuo, aliyokuwa ameiacha tupu. Saa 11 hadi saa 1 jioni alikuwa anapika. Mtoto yuko kwenye kigoda kando ya jiko la mkaa, anasoma kitabu kwa sauti, na mama anasonga ugali huku anamsahihisha bila kugeuka. Dakika 25 zikawa saa 2 na dakika 25. Bila safu hiyo ya pili mwanamke wa namna hii anaonekana kama mtu anayepika tu.

Jumapili nilitaka kuona tofauti kati ya kuwa nyumba moja na kuwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliingia kwenye nyumba za familia 32 wakiwa na kamera, na kila baada ya dakika kumi walirekodi nani yuko chumba gani. Mimi sina kamera, na hata ningekuwa nayo nisingemfanyia jirani yangu hivyo. Nikatumia njia nyingine. Miaka ya 1970 Mihaly Csikszentmihalyi na wenzake huko Chicago walianza kuwapa watu vifaa vidogo vinavyolia ghafla mara kadhaa kwa siku; kikilia, unaandika papo hapo uko wapi, na nani, unafanya nini, unajisikiaje. Sisi Dar tuna kubipu. Nilimbipu baba mara sita kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku, bila mpangilio, naye akajibu kwa ujumbe. Mara tano aliandika "tuko sebuleni wote."

Ni kweli walikuwa sebuleni wote. Mechi ya ligi kwenye runinga, mama anachambua mchele, mtoto na kimpira chake cha soksi, binti na simu ya mama yake. Dakika 180. Karatasi ya binti kwa muda huohuo inasema "peke yangu" kwa dakika 130.

Waingereza wameliona jambo hili kwa kiwango cha nchi. Killian Mullan na Stella Chatzitheochari, mwaka 2019, walilinganisha shajara za watoto wa miaka 8 hadi 16 za mwaka 2000 na za 2015. Muda ambao watoto walikuwa nyumbani na wazazi ulipanda kutoka dakika 347 hadi 379 kwa siku. Lakini ndani yake, muda ambao mzazi yuko nyumba hiyohiyo na mtoto anaandika kwamba yuko peke yake ulipanda kutoka dakika 95 hadi 136. Ongezeko lote liliingia humo. Namba za Uingereza si zetu, na nyumba ya Gongo la Mboto si nyumba ya Uingereza. Njia yao ndiyo niliyoihitaji: mwulize mtoto, usimwulize mzazi peke yake.

Dakika 50 zilizobaki, binti aliandika "na wote." Thelathini za chakula. Ishirini nyingine nilishangaa ni za nini, nikauliza. Jino la mdogo wake lilikuwa linatikisika. Baba alizima sauti ya runinga, Bibi akaleta uzi, binti akashika tochi ya simu, mama akamshika mtoto kichwa. Nilipopita Jumatatu mtoto alinifunulia mdomo kunionyesha pengo, akanieleza baba alivuta vipi, kwa mkono gani, na uzi ulikuwa wa rangi gani.

Baba aliniuliza kitu ambacho nilikuwa nakitarajia: je, ni dakika ngapi zinatosha? Utafiti unaotajwa sana kuhusu swali hilo ni wa Melissa Milkie na wenzake, wa mwaka 2015, kwa shajara za watoto wa Marekani. Kwa watoto wa miaka 3 hadi 11 hawakuona kwamba wingi tu wa muda wa mama unaendana na matokeo ya mtoto, kitabia au darasani. Kwa vijana wa miaka ya kumi na kitu, muda wa kushughulika pamoja na wazazi uliendana na matatizo machache zaidi. Nilimweleza hivyo, na nikamweleza kwamba matokeo haya ni ya kwao, hayawezi kumwambia afanye nini na mtoto wa miaka 8 asiyemwona akiwa macho. Alikuwa anaamini binti amekua, hamhitaji tena sana. Hilo, angalau, karatasi za binti mwenyewe hazikukubaliana nalo.

Mama alikataa wazo la kumchelewesha mtoto kulala. "Ana shule, na mwalimu hatamsikiliza kwamba alikuwa anamsubiri baba." Bibi alikuwa upande wake.

Baada ya mwezi nilimpa Baba karatasi mpya ya Alhamisi moja. Kwenye 11:05 ameandika "kwenda kituoni," na kwenye safu ya nne, "binti." Kwa mtoto wa kiume safu bado ilikuwa tupu kuanzia alfajiri hadi usiku. Amemwomba tajiri wake amruhusu siku moja kati ya juma atoke saa 10 jioni, akatwe mshahara wa saa hizo ikibidi. Nilipoondoka alikuwa hajapewa jibu.